Shajara ya mradi: tochi, jua na sketi za damu ya mzee

Novemba 29

Naanza kuandika maana nisipoandika ntasahau nilifanya nini, kama ule mradi wa redio ambao mpaka leo sijui ile waya nyekundu niliichomeka wapi.

Habari yenyewe ni hii. Shangazi yangu ni fundi cherehani hapa Tanga, na kuanzia Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari nyumba nzima inakuwa ya sare za shule, ukikaa kwenye kochi umekalia mikono ya mashati. Wiki iliyopita umeme ukakatika saa 2 usiku, cherehani yake ni ya kupiga kwa mguu kwahiyo haimhusu, akawasha tochi ambayo nilimnunulia mimi mwenyewe kwa machinga, elfu 5, ina mwanga mweupe mkali kweli. Akachagua uzi wa sketi za rangi ya damu ya mzee, akashona mapindo ya sketi 11 mpaka saa 6. Asubuhi anazitoa kibarazani, uzi ni kahawia. Yani unauona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Siku nzima ilikuwa ya kufumua. Na mimi nilifumua, nikajichoma kidole mara mbili. Yeye hakusema mengi, alisema tu "tochi yako imenidanganya mwanangu", na hiyo ikanikaa moyoni kuliko angenigombeza.

Basi swali la mradi: taa gani ya LED inakaribia jua kiasi kwamba mtu anaweza kuchagua uzi usiku na asubuhi asilie.

Kwa nilivyoelewa mpaka sasa weupe wa taa unapimwa kwa kelvini. Chukulia unapasha chuma motoni, kwanza kinakuwa chekundu, ukizidisha kinakuwa cha njano, ukizidisha cheupe, na kama kingeweza kuendelea bila kuyeyuka kingeelekea bluu. Namba ni joto la hicho kitu kinachowaka. Kwahiyo namba kubwa ndo rangi tunayoiita ya baridi, hapo kila mtu anachanganyikiwa mwanzoni na mi nimo. Mshumaa ni kama 1,900, balbu ya kizamani ya waya 2,700, jua la mchana 5,000 na kitu mpaka 5,500, siku ya mawingu mazito 6,500 hivi, na kivulini ambako mwanga unatoka kwenye anga la bluu tu inaenda 8,000 mpaka hata kuvuka 10,000. Jua lenyewe kule juu uso wake una 5,772. Wazo langu ni jepesi, natafuta tochi ya 5,500, namaliza, nampelekea.

(Narudi hapa Januari kuandika kwamba wazo hili lilikuwa bovu. Nimeliacha kama lilivyo.)

Desemba 2

Leo nimepoteza siku nzima. Nimepiga picha karatasi nyeupe kwa jua, kwa tochi, kwa taa ya chaji, kwa tochi ya simu, nikaja kuzilinganisha na zote karatasi ni nyeupe. Zote! Nikafurahi kama dakika tano hivi kabla sijashtuka kwamba simu inajirekebishia weupe yenyewe, ndo kazi ya ile WB (white balance, kusawazisha weupe), ukiiacha ijiendeshe inaondoa kile kile unachotaka kukipima. Ni sawa na kupima uzito wa mtu kwa mizani inayojirudisha sifuri kila akipanda.

Kingine, tochi ya elfu 5 nikiiweka mwanga mdogo picha inatoka na mistari myeusi imelala kama zebra. Kumbe hailishi LED umeme mdogo, inaiwasha na kuizima haraka haraka jicho lisione, kamera ndo inaona. Nimeamua kuipima kwenye mwanga mkubwa tu.

Desemba 6

Leo nimetumia modi ya Pro ya kamera ya simu, kelvini naipanga mwenyewe kwa mkono. Njia niliyotumia: karatasi nyeupe ya fotokopi, nasogeza namba mpaka karatasi ionekane haina bluu wala njano, naandika namba. Sio kipimo cha maabara, simu nyingine ingenipa namba nyingine, ila nalinganisha vitu kwa simu ile ile kwahiyo inatosha.

Jua nimelichukua saa 6 na robo, sio saa 6 kamili. Nilisimika kijiti kwenye uwanja nikawa natazama kivuli, kivuli kifupi kabisa kinakuja saa 6 na dakika kama 15, maana saa zetu zimepangwa kwa mstari ambao uko mashariki yetu huko baharini. Na kivuli kilielekea kaskazini, Desemba jua liko kusini yetu, mpaka Machi mwanzoni ndo linarudi kupita utosini.

Namba: jua la saa 6 na robo 5,300. Jua la saa 12 jioni likiteremka upande wa Muheza 3,100. Kivuli cha ukuta wa kaskazini, nimegonga 8,900. Tochi ya elfu 5 ni 7,400. Taa ya chaji 6,800. Tochi ya simu 5,700. Balbu ya waya niliyoitoa kwenye stoo ya babu 2,700, hii ilinifurahisha maana imekaa palepale vitabu vinaposema.

Tochi ya simu 5,700 na jua 5,300, karibu kabisa. Nikamwambia shangazi jibu limepatikana, tumia simu. Akaleta sketi moja na nyuzi nne, akaangalia chini ya tochi ya simu kama dakika mbili, akachagua uzi, akatoka nao nje kibarazani, akarudi, hakusema kitu. Akaweka uzi mezani. Sio wenyewe.

Desemba 7

Siku ya mapumziko lakini kuna kitu kimenichekesha lazima nikiandike. Usiku ile tochi ya 7,400 kila mtu anaiona ya bluu, mdogo wangu anaiita taa ya mochwari. Leo saa 4 asubuhi nikaitoa nje kivulini, karatasi nikaikunja katikati, upande mmoja unapata mwanga wa anga upande wa pili nikaupiga tochi kwa karibu. Upande wa tochi ukaonekana wa NJANO. Tochi ile ile! Kivuli kina 8,900, tochi 7,400, kwahiyo pembeni ya anga yenyewe ndo ya joto.

Ina maana jicho nalo lina WB yake. Ukikaa chumbani na kibatari jicho linazoea njano, ukiwasha tochi unaona bluu. Ukikaa nje unazoea anga. Na wingi wa mwanga unachangia, jua la mchana ni kama laksi laki 1 (laksi ndo kipimo cha wingi wa mwanga unaoangukia kitu) na tochi mezani inakupa mia kadhaa, weupe wa baridi ukiwa hafifu unaonekana wa kijivu na huzuni.

Kuna jambo jingine nimejifunza, tofauti za kelvini hazilingani. Kutoka 2,700 kwenda 3,700 jicho linaona mruko mkubwa, kutoka 6,500 kwenda 7,500 hata hulioni vizuri, ingawa zote ni elfu moja. Wapiga picha wanagawanya milioni moja kwa kelvini ndo wanalinganisha. 2,700 inatoa 370 na 3,700 inatoa 270, tofauti mia. 6,500 inatoa 154 na 7,500 inatoa 133, tofauti 21 tu. Kwahiyo hata kugombania 5,300 na 5,700 ni kugombania 13. Sio hapo tatizo lilipo.

Desemba 11

Jaribio la karatasi ya pipi. Hili naliandika kirefu maana ndo lililonigeuza.

Nimechukua ile nailoni ya rangi ya chungwa inayofungwa pipi, nikakata kipande nikafunika kioo cha tochi ya elfu 5. Kipande kimoja kikaishusha mpaka 4,600, imezidi, nikakitoboa matundu kwa sindano ya shangazi (nilirudisha) mpaka nikapata 5,300 kamili. Karatasi nyeupe chini ya tochi na karatasi nyeupe chini ya jua, simu inaziona sawa, jicho langu linaziona sawa. Nikasema hapa sasa bana, jua la elfu 5 na pipi moja.

Nikaweka kitambaa cha damu ya mzee. Kahawia. Kama vile hakuna kilichobadilika, labda kidogo sana. Nikaweka na nyanya, nyanya imepauka. Nikaweka mkono wangu, mkono kama wa mtu aliyeamka na homa.

Nimekaa na hii kitu jioni nzima. Karatasi nyeupe inasema mwanga ni sawa, nyanya inasema sio sawa, na wote wawili hawadanganyi.

Desemba 14

Nimetengeneza chombo cha kupasua mwanga. Boksi la viatu, upande mmoja nimeweka nyembe mbili zimekaribiana zikaacha ufa mwembamba kama unywele, upande wa pili kipande cha DVD nilichokibandua ile karatasi ya fedha, kamera ya simu inachungulia hapo. DVD ina mistari 1,350 kwenye milimita moja, CD ina 625 tu, kwahiyo DVD inatawanya rangi zaidi. Ndani nimepaka wino mweusi. Kwenye jua HUELEKEZI boksi kwenye jua lenyewe, unaelekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua, macho hayana spea.

Kujua rangi ipi imekaa wapi nilitumia balbu ya kuokoa umeme, ile iliyojikunja kama jilebi. Ndani ina zebaki na zebaki inatoa mistari ambayo haihami, mmoja wa kijani nanomita 546 na mmoja wa zambarau 436 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kila rangi ina namba yake), unaweka alama hapo mbili halafu unahesabu.

Sasa matokeo. Jua: mkeka mzima, zambarau mpaka nyekundu nzito bila pengo, ila ukibana ufa vizuri unaona vijistari vyembamba vyeusi vimekatiza. Hivyo mwanafizikia Fraunhofer alivichora Ujerumani mwaka 1814 na mimi nimeviona Tanga kwa boksi la viatu, nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Kile cha kwenye njano karibu na 589 ni cha sodiamu.

Balbu ya waya: nayo mkeka mzima, nyekundu nyingi sana, bluu haba.

Tochi ya elfu 5: mnara wa bluu karibu na 450, halafu shimo karibu na 480, halafu kilima cha kijani na njano, halafu kinateremka na nyekundu inakufa mapema. Mwisho wa mkeka ni giza. Hapo ndo nikaelewa kila kitu kwa mara moja. LED nyeupe haipo duniani, kuna LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, bluu nyingine inapita, nyingine unga unaimeza na kuitoa ikiwa njano, jicho linachanganya linaita nyeupe. Wajapani ndo waliipata LED ya bluu inayofaa, Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobel 2014, na kampuni ya Nichia wakaanza kuuza nyeupe mwaka 1996.

Na pipi yangu? Nailoni inapunguza, haiongezi. Ilipunguza bluu mpaka hesabu ya karatasi nyeupe ikakaa sawa, lakini nyekundu nzito ambayo haikuwepo haiwezi kuitoa popote. Kitambaa cha damu ya mzee kazi yake ni kurudisha nyekundu nzito tu, sasa hukukipa atarudisha nini? Kinabaki na kile kidogo cha njano, jicho linasema kahawia. Kelvini inakwambia mwanga umeegemea wapi, haikwambii ndani yake kuna nini.

Desemba 21

Wiki yote kazi za watu, simu za kubadilisha vioo. Ila nilisoma kidogo. Kuna alama inaitwa CRI, inapima taa inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani, jua na balbu ya waya ni 100, taa nyingi za bei rahisi ni 70 au 80 hivi. Wanaikokotoa kwa kulinganisha rangi 8 halafu wastani, na rangi zote 8 ni za kupauka pauka, nyekundu kali haimo! Iko pembeni inaitwa R9 na kwenye boksi la taa hawaiandiki, na unajua kwanini hawaiandiki. Taa inaweza kuwa na CRI 80 na R9 karibu na sifuri, hata chini ya sifuri.

Nimeagiza tochi moja yenye LED ya Nichia 519A ya 5,000, CRI juu ya 90. Imekula karibu elfu 80 na usafiri. Shangazi akiuliza bei ntasema kitu kingine.

Januari 3

Tochi imefika. Kwa simu ni 4,800. Angalia hapo, namba yake iko MBALI na jua kuliko tochi ya simu ilivyo. Kwenye boksi la viatu: lile shimo la 480 bado lipo ila limefukiwa nusu, na nyekundu inaendelea mpaka huko kamera yangu inapoishia.

Tukafanya mtihani. Nyuzi nne, kila moja nimeifunga fundo la alama na kulificha ndani ya kiganja, shangazi anaona uzi tu na kitambaa. Taa za nyumba tumezima, dirisha tumefunga kanga mbili. Mchana kibarazani alishachagua uzi B bila kusita.

Tochi ya elfu 5: akachagua C, yani ule ule wa siku ya msiba. Na pipi: C tena. Taa ya chaji: C. Tochi ya simu: alisita sana, D. Balbu ya waya: B, lakini akasema nyuzi zote nne zinakuwa nyekundu nyekundu na daki bluu huwezi kuitenga na nyeusi. Nichia: B, sekunde tatu. Halafu akachukua tochi mkononi akaizungusha, akapiga mkono wake, akapiga mchungwa wa picha ukutani, akasema "hii haina ubaridi". Akaniuliza bei. Nikasema elfu 20.

Uzi C na kitambaa ndo wale wanaolingana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine. Vimetiwa rangi viwanda tofauti, kwa dawa tofauti, vinafanana tu pale mwanga unapokosa kile kinachowatofautisha.

Januari 5

Nilijisifu mapema. Mashati meupe ya shule. Nyuzi nyeupe mbili, chini ya Nichia pacha kabisa, asubuhi nje moja inang'aa na nyingine kama imefuliwa kwa maji ya tope.

Nilipitisha ile tochi ndogo ya zambarau ya kukagulia noti, shati likawaka bluu, uzi mmoja ukawaka, wa pili ukabaki mfu. Ni zile dawa za kung'arisha zinazowekwa kwenye kitambaa na kwenye sabuni ya unga, zinameza mionzi isiyoonekana ya jua na kuitoa kama bluu, ndo maana shati jipya juani linaumiza macho. LED nyeupe haina ile mionzi, hata ya elfu 80 haina. Nikajaribu kuwasha Nichia na hiyo ya zambarau pamoja, ya zambarau ikizidi kidogo shati linakuwa la disko. Nimeacha. Uzi mweupe utachaguliwa mchana, shangazi amekubali, kasema hata zamani ilikuwa hivyo.

Januari 8

Boksi la shangazi kuchagulia uzi usiku, tochi inakaa juu yake. La kwanza nilitumia katoni ya kawaida bila kupaka, ukuta wa ndani kahawia ukarudisha mwanga wa kahawia, kipimo kikashuka mpaka 4,300 na nikaanza kuilaumu tochi. Nimepaka rangi nyeupe ya ukutani mara mbili ndani, ikarudi 4,800. Juu tundu la tochi, chini ya tundu mfuniko wa kopo la aiskrimu kutawanya mwanga usipige duara katikati, maana tochi nyingi katikati na pembeni haziwi rangi moja, pembeni ina njano. Mbele wazi, mikono miwili inaingia. Mwanga wa kati tu, wa juu kabisa inachemka na mwanga unashuka wenyewe. Betri moja nimeipima, masaa matatu na nusu, na kuelekea mwisho ikaanza kuvuta kijani kidogo, kwahiyo nimemwambia akiona imefifia abadilishe asing'ang'anie.

Ndani nimegundisha kipande cha kitambaa cha damu ya mzee na uzi B, ili akiwa na wasiwasi aangalie hapo kwanza.

Januari 14

Umeme ulikatika juzi saa 1 na nusu, ukarudi saa 5. Sketi 9, mapindo yote. Asubuhi nikaamka mapema kuliko yeye nikazitoa mwenyewe kibarazani nikazitandika, jua linapanda. Moja moja nimeangalia. Uzi huuoni mpaka ukae nao puani.

Alivyotoka akaangalia ya juu tu, akazikunja zote akaenda kuchemsha chai. Halafu akaniita akasema kuna fundi mwenzake wa mtaa wa pili anataka boksi kama hilo, na elfu 20 ya tochi anayo mkononi.